Mkwe Aliyeomba Radhi kwa Kuvunja Nyumba

Muhumba, Bukavu
Tarehe 14 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Lucie,

Pokea salamu zetu za mapenzi. Hujambo huko Adelaide, na mgongo wako je? Sisi tuko wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halijapatana na vilima vya Bukavu hata siku moja.

Ulinung'unika kwenye simu kwamba umekosa posa ya Nsimire. Basi kaa nikusimulie, maana binti yangu nusura akose mume kwa ajili ya maneno mawili ya Kiingereza.

Mchumba wake, Kizito, alikuja na wajomba zake kutoka Kampala. Hajui Kiswahili wala Kifaransa, kwa hiyo tukampa mkalimani: binamu yetu Évariste, ambaye tangu asome Kiingereza cha jioni anafunga tai hata akienda sokoni. Upande wetu alisema Papa Zagabe, kaka wa marehemu mume wangu. Mimi nilikaa pembeni kimya. Nsimire alikuwa jikoni akingoja kuitwa, kama desturi ilivyo.

Wazee walipofika kwenye ng'ombe wa mahari, kila mmoja alitaka asikike yeye. Kizito akainua mkono, akaomba radhi kwa upole, akatumia neno "break in". Évariste akakohoa, akatafsiri:

"Anasema mumusamehe, alivunja nyumba akaingia."

Papa Zagabe akavua miwani.

"Aliingia lini? Na nani alimufungulia?"

Kila mtu alielewa ni mlango gani unaosemwa, na macho yote yakanigeukia mimi, mama wa msichana. Nilitamani ardhi inimeze. Na Kizito, maskini, hakuelewa kitu. Alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Papa Zagabe akadai mbuzi wa faini, halafu akaanza kusema kwamba ni afadhali wageni warudi kwao.

Hapo Nsimire akapenya pazia la jikoni bila hodi, mwiko mkononi.

"Papa, haiko vile. Anaomba tu kuingia mu mazungumuzo yenu, akate maneno kidogo."

Akatueleza kwamba neno hilo ni la mwizi anayevunja mlango, na pia la mtu anayedakia maneno ya wenzake. Eti hata viatu vipya, ukivivaa mpaka vilainike, neno ni lilo hilo. Évariste akalegeza tai.

"Basi mwenye kuvunja na kuingia leo ni weye," Papa Zagabe akamwambia Nsimire, na watu wakacheka mpaka wajomba wa Kampala nao wakacheka bila kujua sababu. Faini ya mbuzi ikahamia kwa Évariste.

Kisha mzee akauliza kijana alitaka kusema nini. Nsimire akatafsiri mwenyewe:

"Anauliza, na maman, kuko mwenye alimuuliza? Atabakia na nani?"

Mdogo wangu, nimehudhuria posa nyingi, yako na yangu zikiwemo, na sijasikia mama akiulizwa. Nililia mbele ya wakwe, sioni haya kukwambia. Nikasema Nsimire aende kwa amani, nami nitawafuata kila nitakapowakumbuka. Kisha nikamwomba Évariste amwambie kijana kwamba kwangu asibishe hodi kamwe.

Sijui Évariste alitafsiri nini. Kizito aliinuka, akapita katikati ya wazee wote, akaja kunikumbatia.

Harusi ni Desemba, usituletee visingizio. Nisalimie shemeji Gracien na Emmanuella. Mungu awalinde mpaka mlango wangu uwaone.

Dada yako akupendaye daima,
Monique