271 za Brody

Kirsten!! Shoga, acha hicho unachosoma. Brody amejimaliza.

Si leo ndiyo alikuwa na usaili wa nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji, ile hospitali ya Omaha, kwa video? Juu suti, chini kaptura ya kulalia. Mimi niko jikoni nasikia kila kitu.

Msaili wake, mama mmoja Dakta Lindqvist, kamuuliza, "Kwa nini umetuchagua sisi?" Jamaa akaanza na maksi! "Mtihani wa leseni ya udaktari nimepata 271 kati ya 300."

Mama wa watu akamwambia, "Tumeziona, ndiyo maana tumekuita. Nimeuliza, kwa nini sisi?"

Basi akajibu kwa ile sauti yake ya mtangazaji: "Tangu utotoni nimeota kuwatibu watu wa Iowa."

IOWA, Kirsten! Hotuba ya usaili wa wiki iliyopita, neno kwa neno!

Kisha yule mama, taratibu kabisa: "Hongera kwa 271, kijana wangu. Hapa ni Nebraska."

Mia mbili sabini na moja! Na ndiye huyuhuyu aliyekwambia mbele ya darasa zima kwamba kwa 228 zako usijisumbue hata kuomba pale.

Sasa amejifungia chooni, eti mtandao ulikata.

Kesho zamu yako na yule mama. Lala mapema, vaa suruali. Na jimbo, shoga, ni NEBRASKA.