Miwani ya Baba na Mwanga wa Leza

Idrisa, mume wangu mdogo,

Pokea salamu za Joburg. Hapa Rosettenville tu wazima, mimi na cherehani yangu. Mama yako kahamia Midrand, karibu na kazi yake, na sahani ya pili siitoi tena kabatini.

Umeniuliza kutoka huko chuoni Ujerumani, kana kwamba bibi hujua kila kitu, ndege itawezaje kuangusha kombora kwa mwanga wa leza. Nilipokuwa msichana Tanga, nilichukua miwani ya baba niunguze karatasi kwa jua. Dada yangu akainyakua karatasi, akakimbia. Nilimfukuza ua mzima na miwani mkononi, hata moshi haukutoka. Alipochoka akasimama. Nikautuliza mwanga mahali pamoja, karatasi ikafuka, ikatoboka.

Nadhani na leza ni hivyo hivyo. Lazima ndege iliwahi kombora likiwa bado linapanda, ilifuate, ing'ang'anie mahali pamoja mpaka ganda lake lilegee. Kumulika na kupita hakuunguzi kitu.

Juzi ulipiga simu ya video. Nilikuwa bado natafuta miwani niuone uso wako, ukaaga. Ukipiga tena, mume wangu, kaa kidogo.

Bibi yako,
Mwanaidi