Mzuzu wa Marehemu Kaka

Mpendwa mshauri, nisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana jambo hili kila ninayemweleza anacheka kwanza, anasema kwani ndevu nazo ni tatizo la kumnyima mtu usingizi, na mimi nakwambia ndevu zinanivunjia nyumba.

Mimi ni mwoka mikate, nina mke na mtoto mchanga, na kwetu tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na huyo ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la mama, akikohoa mama anaruka, mimi nikiugua naambiwa lala itapita, lakini sikumwonea kijicho kwa sababu hata mimi nilimpenda, alikuwa mtu wa utani, na alikuwa na mzuzu wake, ndevu za kidevuni tu na mashavu yamenyolewa safi, anauchonga na kuupaka mafuta mpaka mtaa mzima ukamwita Beberu na yeye akalipenda jina. Mwaka jana Beberu akaugua ghafla, akafa, na mama akaacha kula.

Msibani sikunyoa, ndevu zikaota ovyo, na nilipokwenda kwa kinyozi akaniondolea za mashavuni akaniachia za kidevuni, akasema zimenikaa, nami sikuwa na nguvu ya kubishana. Jioni nikapita kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani kama gunia, akaniangalia, akainuka, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, umekula?" Mshauri, mimi ni mtu mzima, lakini sikumbuki ni lini mama aliwahi kuniuliza kama nimekula. Akaingia jikoni, akapika, tukala, nikamtania kidogo akacheka, na mimi nikasema moyoni kama dawa yenyewe ni hii, acha ziwepo.

Basi ikawa kila jioni nikitoka kazini napita kwake, kwanza akanipa mashati ya kaka, kisha akanikalisha kwenye kiti cha kaka, kisha siku moja akaniita Beberu wangu, nikaitika, na tangu hapo jina langu halijasikika tena katika nyumba ile. Mke wangu alivumilia, mwisho akasema, "Mume wangu, nikifumba macho ninaye mume, nikifumbua namkuta shemeji kitandani mwangu. Nyoa, au nitarudi kwetu." Nikamwambia ana roho ngumu, hajui uchungu wa kufiwa, tukalala mgongo kwa mgongo.

Kisha nikaenda kumjulia hali mjane wa kaka. Taa ya kibarazani ilikuwa hafifu, na binti yao mdogo aliponiona getini akatoka mbio, "Baba! Baba karudi!" akanikumbatia miguu, halafu akainua uso, akanitazama vizuri, akaniachia. Hakulia. Alirudi ndani kinyumenyume huku ananitazama. Mama yake akatoka akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, nakuheshimu sana, lakini usije tena hapa na hizo ndevu. Mtoto huyu amemzika baba yake mara moja, inatosha."

Kesho yake nikanyoa. Mama aliponiona na kidevu kitupu akasema, "Wewe tena?" Maneno mawili tu, akageukia ukutani akajifunika shuka, na siku zilizofuata hakugusa chakula, jirani akaniambia mama yako anakwisha na wewe upo, nikaona aibu, nikaziacha ziote tena. Mke wangu alipouona mzuzu umerudi hakugomba, alikunja nguo za mtoto akaenda kwao.

Ningeweza kuyameza hayo yote, mshauri, nikasema mama amechanganyikiwa kwa majonzi, mgonjwa hahukumiwi. Lakini juzi nimefika kwake na mkate wa moto mkononi, nikamsikia jirani akimwambia ndani, "Lakini mama, huyu si yule, unajua?" Naye akajibu kwa sauti ileile anayoagizia sokoni, "Kwani nimekuwa mwehu? Najua nimemzika nani. Ila huyu aliyebaki, tangu nimzae sijaona faida yake, angalau sasa ana sura ya kutazamika."

Nikasimama pale mpaka jirani akatoka kwa mlango wa uani. Nikaingia. Mama akasema, "Beberu wangu, umekuja." Nikasema, "Nimekuja, mama."

Sasa nisaidie. Nikinyoa, mama ataacha kula na dunia itasema nimemuua. Nisiponyoa, mke harudi. Na ukweli mchungu kuliko yote ni kwamba hata baada ya kuyasikia yale, bado nataka aniite mwanangu kwa sauti ile. Nifanyeje?

Niliyebaki.

*

Uliyebaki, pole. Niliposoma maneno ya mama yako kwa jirani nilitamani kukushika mkono. Niliposoma ulichomjibu, nilitamani kukuzaba kibao.

Unajidanganya kwamba unamtibu. Mama yako hajachanganyikiwa, kasema mwenyewe, na wewe ulikuwa mlangoni masikio wazi. Ana akili zake timamu na ana uchungu wake, na uchungu huo amekuvisha wewe kama shati. Wewe nawe umefunga vifungo. Tangu mazishi hajamlilia mwanawe, kwa sababu kila jioni unampelekea mwanawe mlangoni na mkate juu. Nani ataomboleza kwa hali hiyo?

Halafu unaniandikia kuhusu mama, mama, mama. Mistari michache tu umempa mtoto wa watu aliyerudi ndani kinyumenyume. Huyo ndiye aliyeniliza mimi. Mtoto yule alikuwa ameanza kuzoea, ukamfufulia baba na kumuua tena palepale getini. Na ulijua, maana kesho yake ulinyoa. Tena mkeo hana roho ngumu. Aliolewa na mwoka mikate. Hakuolewa na kaburi.

Mama yako alikuwa na watoto wawili akapenda mmoja. Ni dhulma, sina jina jingine, na mzazi akiifanya haigeuki kuwa haki. Lakini dhulma hiyo huiondoi kwa kuvaa sura ya aliyependwa. Hata angekuita mwanangu mara mia, salamu hizo ni za mwingine, wewe ni tarishi tu.

Sasa fanya hivi. Nyoa leo. Usimwachie kinyozi akuamulie, mwambie aondoe zote. Ukitoka hapo usiende kwa mama, nenda ukweni, mbele ya wazazi wa mkeo umwombe radhi, na usitaje majonzi kama kisingizio. Ukishamrudisha, muende wawili kwa shemeji yako. Mtoto akikuogopa usimshike, kaa chini, mwache akuzoee, akuite baba mdogo kama ulivyo.

Kwa mama nenda mwisho. Mrudishie mashati yamefuliwa na kupigwa pasi. Kaa kiti kingine. Akikuita Beberu, usiitike. Mwambie, "Mama, Beberu tumemzika, mimi ni mdogo wake," na utaje jina lako. Asipokula, usikimbilie kufuga ndevu. Mwite jirani, mwite mganga wa zahanati, waite dada zake waje wakae naye. Anahitaji watu wa kulia naye, wewe peke yako hutoshi, na hukuzaliwa ili utoshe. Akilia, mwache alie mpaka achoke.

Sitakudanganya kwamba atakupenda. Huenda akakufungia mlango. Akikufungia, weka mkate dirishani, urudi kesho na kidevu hichohicho. Siku akifungua, atakuwa amekufungulia wewe. Na asipofungua kamwe, basi aliyefungiwa nje atakuwa ni wewe mwenyewe, kwa jina lako. Uchungu huo ni wako halali. Uulilie.