Ngazi Si Kaburi

Adham wa Firq, nakuanza wewe. Kutwa uko gereji unafungua injini za malori huogopi, leo unaogopa picha ya ngazi? Mchumba wako kaniandikia. Barua yake naitia hapa nzima, watu waisome, na wewe uisome.

Mpendwa Bi Turkiya, shikamoo, naomba msaada wako na unisamehe Kiswahili changu, mimi nimezaliwa hapa hapa Oman, Ibra, na kazi yangu iko Sur, maabara, na mwaka huu wa 2006 kazini walitupeleka Japani mafunzo ya wiki tatu, mimi na mwenzangu Asya, na siku ya mapumziko wenzetu wakenda madukani lakini mimi nilikuwa na siri yangu, kuna katuni ya Kijapani nilikuwa naiangalia kila alasiri nikiwa mdogo, wameitia Kiarabu, na nilipokuwa mkubwa nikajua ule mji wa katuni ni mji wa kweli, ngazi ya mawe ipo, sanduku jekundu la posta lipo, pahala pa kuvuka reli papo, basi nikamvuta Asya tukapanda treni masaa mawili, Kijapani changu ni maneno kumi lakini niliuliza njia nikaelekezwa, na Asya analalamika, “Mie nimekuja Japani kununua kamera, wewe unanipandisha ngazi!” lakini nilipoziona wallahi nililia, nikapiga picha ishirini, na Adham sikumwambia kwa sababu niliona haya, sasa Ijumaa mama yake, Bi Mahfoudha, kaja kwetu kwa mambo ya harusi akazikuta picha, hamna mtu ndani, ngazi tu, akauliza hapa wapi, nikamjibu, “Nilikwenda kuzuru,” maana kwa Kiarabu ndivyo tunavyosema mtu akitembelea pahala popote, akaweka kikombe chini, “Kuzuru? Kaburi la nani hilo?” nikasema si kaburi, ni ya katuni, akasema, “Umezuru kaburi la katuni?” akaondoka, na sasa anasema harusi yetu ya baada ya Idi isimame mpaka nitubu, na Adham ananambia nizichane zote niseme zilikuwa za Asya, yaishe, na mimi nampenda Adham lakini kuzichana moyo unakataa, nifanye nini?
Rawya

Marahaba, mwanangu. Futa machozi. Ulilokosea ni neno. Sisi tuliokulia Unguja tukisikia mtu kenda kuzuru tunaona kaburi, ubani na Yasini. Wewe ulikuwa unasema Kiarabu kwa mdomo wa Kiswahili, na Bi Mahfoudha wa watu kashtuka. Kosa jengine ni hiyo haya. Haya ya nini, umeiba?

Mimi mwaka tisini na tatu nilirudi Unguja kutembea, mara ya kwanza tokea kutoka. Wanangu wanataka kunipeleka hoteli, nikawaambia nipelekeni kwenye mfereji wa mtaani kwetu, tuliokuwa tukiteka maji utotoni. Nikausimamia nusu saa, umekauka, hautoi hata tone. Picha yake iko ukutani kwangu, na mtu aje aniambie nimezuru mfereji, nitamtoa mbio! Utoto wangu uko pale. Wako uko kwenye hizo ngazi. Lakini mimi nilishikwa mkono na wanangu. Wewe umeitafuta njia mwenyewe, nchi ya watu, na buibui lako, ukauliza kwa lugha yao, ukafika, ukarudi salama. Nina wajukuu wanaume wanapotea kwenda Al Hamra, hapo tu! Ungekuwa wangu, ningezitia fremu zote ishirini.

Na kumsingizia Asya, hapana. Kapanda ngazi zote hizo na miguu inamuuma, leo umtwike na fedheha isiyokuwa yake? Adham, mwanamme hamfundishi mkewe uwongo ili mama yake atulie. Ungesema kwa adabu, “Mama, neno limekosewa,” yangekwisha siku ile ile. Na hiyo toba anaombwa Mungu, haombwi mavyaa.

Sasa nisikilizeni. Rawya, Alkhamisi hii baada ya alasiri nenda na mama yako kwa Bi Mahfoudha, na picha zote mkononi. Mwamkie, umbusu mkono, useme, “Mama, nilikwenda kutazama.” Kutazama! Adham, wewe ukae chini karibu na mama yako, umuoneshe moja moja, na akiuliza ngazi zinapanda wapi, umwambie zinapanda majumbani kwa watu. Hapana kulia, na picha hata moja isichanwe.