Picha ya Kwanza Haikuonyesha Damu

Nyumbani, nyuma ya stendi,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Kifua cha wifi kimepona? Mwambie aendelee kujifunika vizuri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa watu wawili, na ndiyo maana nimeacha simu nikashika kalamu. Kwenye simu huwa unanikatiza, na leo nataka unisikie mpaka mwisho.

Mdogo wetu Kijiti anaendelea vizuri. Jana alikunywa uji akalalamika hauna sukari, tukajua amerudi. Bandama yake ndiyo hana tena, waliitoa.

Nikukumbushe ilivyokuwa, maana naona umeanza kusahau. Aliteleza kwenye paa alilokuwa akiliezeka, akaangukia ukingo wa toroli kwa ubavu wa kushoto. Hospitalini daktari alimpaka jeli ya baridi, akapitisha kile kidude cha altrasaundi chini ya mbavu, huku na huku, mpaka kwenye kibofu. Akasema kwa sasa haoni damu tumboni, lakini damu ya ndani huweza kuvuja polepole, kwa hiyo alale pale wampime tena jioni.

Nyumba yetu hii haiamui kitu mpaka kifungua mimba apigiwe. Mama akakupigia, simu ikawekwa sauti kubwa. Ukasema, "Picha si imetoka safi? Basi mtoeni huyo. Hao wanapenda tu kushikilia watu." Nikakueleza alichosema daktari, ukaniuliza nimesomea udaktari lini. Mama akakusanya nguo za mtoto wake, tukaondoka.

Nyumbani Kijiti akaanza kusema bega la kushoto linamuuma. Tukamchua bega, Kaka. Tumbo linajaa damu, sisi tunachua bega. Alipoinuka kwenda msalani akaanguka mlangoni, midomo haina rangi.

Tukamrudisha hospitalini mbio, na safari hii kwenye kioo cha mashine hata mimi niliona weusi umeizunguka bandama. Daktari akasema huo weusi ndio damu, na ndiyo iliyomfanya aumwe bega. Akauliza kwa ukali, "Nani aliwaambia mwondoke?" Mama akasema, "Ni mimi, daktari. Ubishi wangu."

Amekufichia kosa lako. Amewaambia hivyo hivyo shangazi, majirani, na Kijiti mwenyewe. Nilinyamaza kwa kumheshimu. Ila juzi ulipopiga simu ukamgombeza, ukamuuliza alikuwa na akili gani kumtoa mgonjwa hospitalini, nikaona imetosha. Una uso gani, Kaka? Yeye alisema tu, "Nimekosa, baba," akanirudishia simu.

Tangu siku hiyo Mama haingii wodini. Anapika uji, anaubeba mwenyewe, akifika anakaa kwenye benchi la nje na kunituma mimi niupeleke. Kijiti ananiuliza amemkosea nini Mama mpaka hataki kumwona. Nami nimechoka kukutunzia heshima yako.

Usinitumie pole wala zawadi. Mpigie Mama, umwambie kwa mdomo wako ulichosema siku ile, kisha mpigie Kijiti umwambie hivyo hivyo. Usipofanya hivyo, Kijiti nitamwambia mimi, nikiwa nimemshika Mama mkono pale pale kitandani.

Shangazi anakusalimu sana, na fundi jirani pia. Wabusu watoto. Mungu awalinde huko mliko, na wewe akupe moyo wa kuinua simu.

Wako akupendaye, na leo aliyekukasirikia,
Mdogo wako.