Maswali Mia na Kumi Kuhusu Kaka Isihaka

Masuguru, Korogwe
14 Machi 2009

Kwako Kaka Isihaka,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu moyo unataka. Handeni mmepata mvua? Wifi Maryamu na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila Muhidini, ambaye tangu umzabe kibao Jumanne sikio lake la kushoto linavuma. Mama anakula vizuri, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Simu zako nimeziona zote. Sikupokea makusudi, maana kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi, na leo nataka kumaliza.

Uliingia dukani kwa mtu, mbele ya wateja wake, ukamwita tapeli, ukasema kompyuta zake mbovu ndizo zilizokukosesha kazi ya kusimamia ghala kwa wale wageni wa machimbo. Sasa nasikia umeapa kurudi na rafiki yako Abdi mkazivunje. Kaka, Muhidini ndiye aliyeniajiri. Kompyuta zile nne ndizo zinazotulisha mimi na mama, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Tangu shamba la mkonge libinafsishwe nawe ukapunguzwa, miaka minne umekaa ukingoja kazi ya hadhi yako. Ilipotangazwa hii ukaambiwa kuna maswali ya tabia yanayojibiwa kwenye mtandao, na anayeshindwa hapo haitwi kwenye usaili. Nikakuchapia maswali ya mazoezi, ukaja tukakaa sebuleni na mama. Nikakusomea la kwanza, kama huwa unawasikiliza wengine mpaka wamalize. Mama akafungua mdomo aseme neno, ukamkatiza, ukaniamuru niandike nakubali kabisa. Nikakusomea la pili, kama hukasirika upesi. Ukafoka kwamba hilo ni swali la kitoto. Nikakueleza kwamba jambo moja wanaliuliza mara tatu kwa sura tatu, na anayejipamba hunaswa. Ukasema mtu mzima haulizwi mara mbili. Kisha ukainuka, ukavaa kofia yako, ukasema: "Kwetu tabia ya mtu haulizwi mwenyewe, wanaulizwa ndugu zake. Wewe ndiye ndugu. Jaza."

Basi nikajaza, pale dukani. Siku hiyo Muhidini alikuwa Tanga kununua wino wa mashine ya kuchapia. Hakugusa kitu, na umeme haukukatika kama unavyotangaza huko. Maswali ishirini ya kwanza nilikupamba kama ulivyotaka: mpole, msikivu, mwenye subira hata ya kupitiliza. La ishirini na moja likauliza kama umewahi kumsema mtu vibaya ili ufaidike wewe. Hapo mkono ukagoma.

Unawakumbuka wale wazee watatu wa Mnyuzi? Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo walikuja kwako kuulizia tabia yangu, kwa niaba ya Hiza aliyetaka kunioa. Uliniambia hawakurudi kwa kuwa wamepata mchumba kwingine. Nikaamini miaka mitano, nikajilaumu mwenyewe, nikajitazama kwenye kioo nikitafuta kasoro. Mwaka jana nilikutana na Hiza kituo cha mabasi, ana mke na watoto wawili, akaniambia ulichowajibu wazee wake. Kwamba nina ulimi mkali na sitadumu nyumba ya mume. Ulijua nikiolewa, mama atahamia kwako, nawe hukutaka kumlea. Nilinyamaza mwaka mzima. Nilikuchukia, Kaka, na bado nakuchukia.

Kwa hiyo ni mimi. Nilirudi swali la kwanza nikafuta yote, nikajibu upya kama ndugu aliyeulizwa. Hukasirika upesi, nakubali kabisa. Hukiri kosa lake, sikubali kabisa. Huwatupia wengine lawama, nakubali kabisa, na Jumanne ulikuja mwenyewe kuhakikisha sikukosea. Nilijua kazi itakupita. Nilijua pia watoto wako wanaihitaji kazi hiyo, na kwa ajili yao roho inaniuma. Kwa ajili yako hainiumi hata kidogo.

Muhidini nimemweleza leo asubuhi. Alisema Jumatatu atanijulisha kama nitaendelea na kazi au la. Akinifukuza nitamwelewa, kwa sababu nilitumia duka lake kwa ugomvi usiomhusu. Lakini wewe na Abdi mkitaka kuja, njooni nyumbani kwangu. Kule dukani hamna madai na mtu.

Wageni wale wanaruhusu kujaribu tena baada ya miezi sita. Namba yako ya siri ya kuingilia kwenye maswali nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Safari hii ujaze mwenyewe.

Wasalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda. Mama anakusalimu. Barua hii sijamsomea, na sitamsomea, kwa sababu anakusifu kwa majirani nami sina haki ya kumnyang'anya hilo.

Jambo moja nisije nikaonekana nimesema kweli tupu. Katika maswali yale mia na kumi nilidanganya moja, la mwisho kabisa. Liliuliza kama ndugu zako hufurahi wanapokuona unaingia mlangoni. Nikaweka nakubali kabisa.

Mdogo wako,
Mwantumu