Mkono wa Manati

Tarehe 4 Februari

Kwako Kaka,

Shikamoo. Mimi na Mama hatujambo, ila cherehani yake imeanza kukohoa kama mgonjwa. Wewe je, na wenzako wa kiwanda cha madaftari? Kidole ulichokibana kwenye mashine kimepona?

Kaka, timu yetu ya softiboli imepata kocha mpya, yule mwalimu wa kike wa hisabati. Alitupanga warushaji wote, kila mmoja mipira ishirini. Kwa kasi hakuna aliyenifikia. Mdakaji alivua glovu akapuliza kiganja. Lakini mipira iliyopita panapotakiwa, juu ya kibao cha chini anaposimama mpigaji, kati ya magoti na kwapa zake, ilikuwa sita tu. Mmoja ulimpata msichana wa kidato cha kwanza mbavuni. Alilia, nami nikalia.

Sasa kocha amenirudisha kurusha ukutani, nikisimama hatua tano tu kutoka ukuta wenyewe. Siruhusiwi kuzungusha mkono, natupa kwa kifundo cha mkono tu kama mtoto anayejifunza. Wenzangu wanacheka. Amesema bila shabaha sitacheza mashindano ya Julai. Nifanyeje?

Mimi mdogo wako,
Manati

Tarehe 15 Februari

Manati wangu,

Marahaba. Mimi mzima, kidole kimepona, kimebaki kupinda kidogo tu. Mwambie Mama cherehani inataka mafuta, si lawama.

Huyo kocha abaki na hesabu zake. Nani alikufundisha kusukuma ardhi kwa mguu wa nyuma mpaka vumbi liruke? Ni mimi, kwa kile kijitabu kisicho na jalada, nyuma ya tangi la maji. Kasi kwanza, shabaha itafuata itake isitake. Kocha mheshimu, usimjibu. Lakini ukitoka mazoezini, pita kwenye tangi letu, urushe mipira mia moja na hamsini kwa nguvu zote. Kila siku, Jumapili pia. Usimwambie mtu.

Mimi niliacha shule nikaingia kiwandani ili wewe usiache kitu. Usiniangushe.

Kaka yako

Tarehe 9 Machi

Kwako Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Nafanya ulivyosema, sijakosa hata siku moja. Mwandiko usikushangaze, naandika haraka. Mama anakusalimu.

Manati

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Sasa katika ishirini inaingia mingapi? Na kocha anasemaje akiona kasi yako? Nijibu mapema, hapa kiwandani nimeshawatangazia wote.

Kaka yako

Tarehe 27 Aprili

Manati,

Salamu nyingi. Nimengoja mpaka mtu wa posta anacheka akiniona. Kama umenikasirikia, sema. Kama kocha amekutoa kwenye timu, niambie, nipande basi nije tuonane naye uso kwa uso.

Na kama ni ugonjwa, kwa nini mnanificha?

Kaka yako

Tarehe 5 Mei

Kwako Kaka,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Barua hii anaandika Mama, mimi nasema tu.

Bega lilianza kuuma wiki ya pili. Niliona aibu kukuambia. Nikaendelea, maana ulisema nisikuangushe. Mwisho Mama akanikuta nachana nywele kwa mkono wa kushoto. Akauliza, “Na huo mwingine una kazi gani?” Nikajaribu kuunyanyua, nikashindwa.

Daktari amesema mshipa umevimba kwa kutumiwa bila kupumzishwa. Majuma sita nisiguse mpira. Nikikaidi, huenda nisirushe tena maishani.

Kocha alikuja nyumbani. Aliniuliza, “Kwa siku ulikuwa unarusha mingapi?” Nikamwambia yote. Kisha akasema, “Sikukurudisha ukutani nikuaibishe. Nilikuwa natafuta mahali mkono wako unapopotea. Nilipaswa kukueleza. Hilo ni kosa langu.”

Kaka, kocha amekiri lake. Mimi nakiri langu, nilificha maumivu. Lako unalijua. Nakupenda, lakini kuanzia leo namsikiliza kocha. (Mama anasema niongeze kwamba AMEKASIRIKA. Herufi hizo kubwa ni zake.)

Manati

Tarehe 14 Mei

Mama na mdogo wangu,

Shikamoo Mama. Manati, pole. Pole sana.

Nimeisoma barua yenu wakati wa mapumziko, nikarudi kazini nikakata rundo zima la madaftari kombo. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, “Ni mdogo wangu anayeumwa, mimi ndiye niliyemuumiza.”

Nimejiuliza kwa nini mia na hamsini. Kijitabu hakikusema hivyo. Niliitoa kichwani, kwa sababu ilisikika kama namba ya bingwa. Nilitaka watu waseme kaka yake ndiye aliyemfundisha.

Sitakupangia tena mazoezi. Mwambie kocha nimemwomba radhi kwa yale niliyosema bila kumjua. Na pumzika majuma yote sita, yasipungue.

Kaka yako

Tarehe 30 Julai

Kwako Kaka,

Shikamoo! Leo naandika kwa mkono wangu, tena ule ule.

Nilipona, nikaanza upya ukutani, goti moja chini. Wakacheka tena, nikawaacha wacheke. Kisha kocha akachora mstari wa chaki kutoka kwangu mpaka kwenye kibao, akaniambia nitazame mguu ninaokanyagia. Kaka, ulikuwa unatua nje ya mstari kila mara! Mwili ulikwenda kushoto, mkono ukaufuata kuurekebisha, ndiyo maana bega likateseka. Mguu uliponyooka, mipira ikaanza kuingia, na kasi haikupungua, iliongezeka. Kocha akasema, “Aliyekufundisha kusukuma ardhi alikufundisha vizuri.” Nikamwambia ni wewe.

Sasa narusha siku tatu kwa wiki. Siku ya mchezo ni mipira sitini, basi.

Jana tulicheza fainali. Tukiongoza mabao mawili kwa moja, katika mzunguko wa sita niliwaachia wapinzani vituo vyote vitatu, kila kimoja kikawa na mkimbiaji wao. Kocha akanijia. “Utapunguza kasi?” Nikasema, “Hapana. Nitanyoosha mguu.” Wapigaji wawili wa mwisho wa mzunguko huo hawakuugusa mpira.

Ukabaki mzunguko wa saba, wa mwisho, na mimi nilikuwa nimefikisha mipira hamsini na nane. Uwanja wote ukaimba jina langu. Bega halikuuma, lakini nilijua hesabu. Nilikwenda mwenyewe nikampa mrushaji mwenzangu mpira. Tukafungwa matatu kwa mawili.

Nililia, sikufichi. Ila leo asubuhi nimechana nywele bila maumivu. Mwaka ujao tunalitaka kombe lile, na tumeshaanza: Jumatatu kocha anatufundisha mpira wa polepole unaomdanganya mpigaji.

Manati

Tarehe 8 Agosti

Manati,

Marahaba mara mia. Hapa nimewasomea wenzangu barua yako yote. Mzee wa kufunga madaftari alisema, “Huyo aliyetoka mwenyewe ndiye mchezaji.”

Nimepata likizo ya majuma mawili, nitafika tarehe ishirini. Nimeazima glovu ya mdakaji. Siku zako za kurusha nitachuchumaa mimi nyuma ya kibao, nidake. Mwingine ahesabu. Kusema kweli mipira yako naiogopa, kwa hiyo usinihurumie ila usinilenge meno.

Na nikifungua mdomo kukufundisha, rusha tu.

Kaka yako